Kodi ya ardhi Mji wa Kale: tunatozwa kama wenye maghorofa, na dirisha tu haturuhusiwi kulibadilisha

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Wiki iliyopita nilisukumiwa chini ya mlango hati ya kodi ya ardhi ya nyumba aliyotuachia babu, katika mmojawapo wa miji ya kale ya pwani ya Kenya. Jina la mji na la afisi nayahifadhi, kwa kuwa ugomvi wangu ni na hesabu yenyewe.

Kwa desturi ya miaka mingi, kodi hii hapa Kenya hukadiriwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, kana kwamba juu yake hakujasimama kitu. Mwenye kiwanja kando ya barabara kuu hana la kulalamikia, maana akitaka atabomoa kibanda chake, ainue ghorofa nane na kuirudisha kodi yake kwa wapangaji. Mimi nimefungwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, na katika eneo lililohifadhiwa kama letu siwezi kubomoa, kuongeza ghorofa wala kung'oa mlango wa nakshi bila idhini. Basi kiwanja changu kinathaminiwa kwa faida ambayo sheria hiyohiyo ya nchi imenikataza kuipata. Nani aliyekaa akaona hilo ni sawa?

Mvua za masika zilipokwisha niligundua kwamba boriti mbili za chumba cha juu zimeliwa na mchwa pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo macho hayafiki mpaka unga uanze kumwagika kitandani. Fundi wa kwanza alitaka kuziba kwa saruji, kwani ni rahisi na hukauka upesi. Nilimkataza, kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua, na ukiufunika kwa saruji unyevu hukwama ndani, chumvi ikasukuma lipu mpaka ikabanduka mapande mapande. Ilibidi nimtafute mzee anayejua kuroweka chokaa na kuisubiri, nitafute boriti za mikoko, kisha niombe kibali na kukingoja. Kibali sikilalamikii, ni haki kiwepo. Ninalolalamikia ni kwamba gharama yote hiyo, ambayo mji mzima unaifaidi kila mgeni anapopita kupiga picha, haikupunguza hata senti katika hati ile.

Nilikwenda kwenye dirisha la afisi ya kodi na risiti zangu. Kijana aliyekuwa zamu, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu, aliniambia, "Mama, mfumo hautambui nyumba. Unatambua namba ya ploti."

Wenzetu wamekwishalitatua jambo hili. Jimbo la California, Marekani, lina sheria ya tangu mwaka 1972 iitwayo Mills Act, ambayo kwayo mwenye nyumba ya kihistoria hufunga mkataba na mji wake wa miaka isiyopungua 10: yeye aitunze na kuikarabati kwa utaratibu uliokubaliwa, nao wampunguzie kodi ya mali. Nyumba hukaguliwa kila miaka mitano, na mvunja mkataba hutozwa faini. Kule Chicago, jengo la biashara lililotambuliwa kuwa la kihistoria likikarabatiwa kwa kiwango kilichowekwa, kodi yake hukokotolewa juu ya asilimia 10 tu ya thamani yake kwa miaka 10, badala ya asilimia 25 ya kawaida. Hakuna sadaka hapo. Ni malipo kwa kazi iliyofanywa na kukaguliwa.

Wala tusiambiwe kwamba kaunti zetu hazina mamlaka. Kifungu cha 209 cha Katiba kimezipa kodi ya mali, na kila baada ya muda tunasikia zikitangaza msamaha wa riba na faini kwa wenye malimbikizo. Yaani aliyekaa miaka saba bila kulipa anasamehewa, na aliyelipa kwa wakati huku akibadilisha boriti anaambiwa mfumo haumtambui! Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hotuba za kujivunia hatujazikosa tangu hapo. Hotuba hazinunui chokaa.

Ninataka sheria ndogo ya kaunti inayosema wazi kwamba nyumba iliyohifadhiwa ikadiriwe kwa matumizi yanayoruhusiwa, na mwenye kibali na risiti za ukarabati apunguziwe. Hadi hapo, kama yupo humu mwenye nyumba ya kale aliyewahi kupunguziwa kodi kwa sababu ya kuitunza, si kwa sababu ya kuchelewa kulipa, tafadhali anieleze alipita dirisha gani.