Misheni ya siku 12 kwenye kijiji cha wavuvi nje ya nchi: tujipangeje?

KatibuMisheni
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisa letu linatuma watu 11 kuhudumu siku 12 kwenye kijiji cha wavuvi nje ya nchi. Kanisa mwenyeji limeomba mambo matatu: kuezeka upya paa la kanisa lao, kufunga tangi la maji ya mvua la lita 5,000, na semina kwa vijana na wazazi. Tuna fundi mmoja na wauguzi wawili. Ratiba tumeipanga kama ya safari za bara: asubuhi kazi, mchana kutembelea nyumba kwa nyumba, jioni mafundisho. Pwani tubadilishe nini?

Nahodha_M
Shalom mtumishi. Ratiba hiyo iwekeni kando kwanza. Mvuvi hafuati saa ya ukutani, anafuata maji. Muulizeni mchungaji mwenyeji kama tarehe zenu zinaangukia bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali sana. Wanaookota pweza na chaza hushuka mwambani wote, na ukigonga milango saa hizo utakuta wazee na watoto tu. Wanaovua usiku kwa taa wao hutafuta giza la mwezi; mbalamwezi ikiwaka wengi wanakuwa nyumbani. Kwa hiyo semina ya wazazi iwekeni siku za mwezi mpevu, baada ya jua kuzama.

Kumbukeni pia kwamba saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku. Pale bahari inapojaa na kupwa mara mbili kwa siku, Jumapili hii maji yakikupwa saa nne asubuhi, Jumapili ijayo saa hiyohiyo yatakuwa yamejaa. Saa ya ibada msiibebe kutoka kwenu. Mwenyeji ndiye aitaje.

Fundi_Mapaa
Kwa fundi wenu: adui ni chumvi. Msikubali mchanga wa ufukweni wala maji ya bahari kwenye zege lenye nondo, hata mkiambiwa ndiyo yanayotumika siku zote. Chumvi inaifikia nondo, nondo inashika kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana zege hupasuka kutoka ndani. Mchanga ukiletwa, chukua punje chache uguse kwa ulimi. Ukiwa na chumvi, urudishwe. Juu ya nondo acheni zege la milimita 50, msiishie 25 za kawaida.

Paa huanza kuoza kwenye matundu ya misumari, si katikati ya bati. Tumieni skrubu zenye mpira, za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 kama zinapatikana, na hizo ndizo mzibebe kutoka nyumbani kwa sababu ni ndogo na huwa adimu. Mabati, mbao na saruji nunueni huko, ili paa likivuja baadaye mafundi wa pale wapate bati la aina ileile. Vumbi la chuma mnalomwaga mkikata bati kwa msumeno wa moto lifagieni siku hiyohiyo. Likilala usiku mmoja juu ya paa na umande wa bahari, asubuhi kuna madoa ya kutu.

Na kitako cha tangi msikidharau. Lita 5,000 ni tani 5 juu ya mchanga.

Muuguzi_J
Wauguzi wenu wasimguse mgonjwa kabla ya kupata kibali cha muda cha kufanya kazi katika nchi hiyo. Leseni ya nyumbani haivuki mpaka. Maombi hayo huchukua muda, yaanzeni mapema pamoja na visa. Mwombeni mwenyeji barua inayotaja kazi halisi, maana visa ya utalii mara nyingi hairuhusu huduma.

Mtu anayekinga malaria kwa doksisaiklini aanze siku 1 au 2 kabla ya safari na aendelee wiki 4 baada ya kutoka. Dawa hiyo hufanya ngozi iungue upesi kwa jua, na kwenye mashua jua hupiga kutoka juu na kutoka majini. Mikono mirefu na kofia, hata kukiwa na mawingu. Mkitembea kwenye maji mafupi buruzeni nyayo ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, aliyejifukia mchangani aondoke. Akimchoma mtu, mguu ulowekwe kwenye maji moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kisha apelekwe hospitali.

KatibuMisheni
Asanteni sana, tunapanga upya. Mfadhili mmoja anasema badala ya tangi tuchimbe kisima kirefu chenye pampu. Mnaonaje?

Dada_Maji
Hapana, mpendwa. Karibu na ufuo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama mita 40 chini yake. Pampu ikishusha mita 1 hiyo, chumvi inapanda kwa uwiano uleule, na visima vifupi vya majirani vinaharibika pamoja na chenu.

Bakini na tangi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20, toa upotevu, mnapata kama lita 1,000. Upepo wa bahari huacha chumvi kwenye bati, hivyo lita 30 za kwanza zisiingie tangini. Ili kuzinasa, wekeni bomba la wima la inchi 4, urefu karibu mita 4, lenye mfuniko chini na kitundu kidogo cha kulimwaga polepole. Kitundu hicho huziba, kwa hiyo mfuniko uwe wa kufungua kwa mkono. Kutibu: mililita 40 za klorini ya maji ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa kila lita 1,000. Subirini dakika 30, kisha pimeni. Klorini itakiwayo kubaki ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Vipimo vya mwaka mzima waachieni wenyeji wawili mliowafundisha, si mmoja.