Kumpima mwalimu kwa alama za wanafunzi: leteni hiyo hesabu tuikague

Wakuu,

Kila matokeo yakitoka, wataalamu wa mezani wanaibuka na wimbo uleule: ufaulu umeshuka, mwalimu awajibishwe. Haya, leteni hesabu yenyewe.

Darasa lina wanafunzi 25, wastani 50, jumla ya alama 1,250. Waondoe watatu waliopata 20 kila mmoja: wahamishe, au siku ya mtihani waambiwe "wapumzike" nyumbani. Wanabaki 22 wenye jumla ya 1,190, wastani 54. Darasa limepanda alama 4 na hakuna aliyeongezewa hata herufi moja kichwani. Mchezo huu unajulikana, na watoto wanaotolewa kafara wanajulikana pia.

Mkipima kwa asilimia ya waliofaulu ndiyo mnaharibu kabisa. Tuseme kufaulu ni 50. Mtoto aliyetoka 12 akafika 40, kazi ya jasho la kweli, anahesabiwa sifuri. Aliyetoka 49 akagusa 50 anahesabiwa mzima. Mwalimu ambaye ajira yake inaning'inia hapo atang'ang'ana na wale wa 42 hadi 49, wa chini atawaacha walivyo, na wa juu atawaacha wajisomee. Mtamlaumuje wakati ninyi ndio mliomwekea mtego?

Sasa wajanja watasema: "Hatuangalii alama ghafi, tunaangalia maendeleo ya mtoto." Yaani kompyuta inachukua mitihani yake ya nyuma, inatabiri apate ngapi mwaka huu, kisha tofauti kati ya utabiri na alama halisi anabebeshwa mwalimu. Inasikika vizuri. Ila mwalimu wa mwaka jana akiwa amewakaririsha watoto majibu ya mitihani iliyopita, alama zao zilipaa bila uelewa. Huyu wa mwaka huu anarithi utabiri wa uongo. Akifundisha kwa uaminifu, alama zinarudi zilipostahili kuwa, naye anaandikwa mzembe. Mkaririshaji ana cheti ukutani. Na darasa la vipaji je? Mtoto aliyepata 97 ana alama 3 tu za kupanda. Mtihani una dari, na dari hilo mnamhesabia mwalimu kuwa ni uvivu.

Udogo wa darasa ndio hamtaki kuugusa. Chukueni maendeleo ya wanafunzi 25, yanayotofautiana kati ya mtoto na mtoto kwa mchepuko (kipimo cha alama zinavyotawanyika kutoka wastani) wa alama 15. Gawanya 15 kwa kipeuo cha pili cha 25, yaani 5, unapata 3, na bahati huweza kuyumbisha hadi mara mbili ya hapo. Maana yake wastani wa darasa unaweza kuyumba takribani alama 6 juu au 6 chini kwa bahati tu: nani aliugua, nani alikuwa na msiba, swali gani lilitoka. Kama mwalimu mzuri anamzidi wa kawaida kwa alama 2 au 3, kwa mtihani mmoja humwoni. Ndiyo sababu mwalimu yuleyule anaonekana shujaa mwaka huu na mzembe mwaka ujao. Mwaka 2014 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilionya kwamba tafiti nyingi zinaonyesha mchango wa walimu katika tofauti za alama ni kati ya asilimia 1 na 14. Hao si chama cha walimu wanaojitetea.

Nakubali jambo moja. Utafiti wa mchumi wa Marekani Chetty na wenzake, wenye kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 2, ulionyesha kwamba walimu wenye vipimo vya juu kwa ujumla waliwasaidia watoto hata ukubwani. Sawa. Lakini wastani wa maelfu ya walimu ni kitu kimoja, na barua ya kumfukuza mtu mmoja ni kingine.

Wala si jambo jipya. Uingereza ilianza kulipa shule kwa matokeo mwaka 1862. Watoto wakakaririshwa kitabu cha kusomea ili mkaguzi aridhike, na miaka ya 1890 mpango ukazikwa. Atlanta, Marekani, ripoti ya mwaka 2011 iliwataja waelimishaji 178 katika shule 44, majibu ya wanafunzi yakifutwa na kusahihishwa na waelimishaji wenyewe. Houston nako, hukohuko Marekani, mwaka 2017 jaji aliruhusu madai ya walimu yaendelee kwa sababu fomula ya kuwapima ilikuwa siri ya kampuni na mwalimu hakuwa na njia ya kuhakiki alama yake. Mtu anapoteza ajira kwa hesabu asiyoruhusiwa kuiona!

Alama zitumike kuonyesha pa kwenda kuangalia, basi. Darasa likishuka miaka 3 mfululizo, pelekeni wakaguzi wawili wasiowasiliana, kila mmoja aingie vipindi visivyopungua 4 bila taarifa, wakague madaftari ya watoto (si andalio la somo lililoandikwa jana usiku) na wahesabu vipindi vilivyofundishwa kweli. Ni gharama, najua. Ndiyo maana mnapenda namba.

Anayetetea mfumo huu ajibu matatu kabla ya kutukana: kiwango cha makosa cha alama ya mwalimu ni kiasi gani, watoto waliohama au kukosa mtihani mmewaweka wapi, na mwalimu wa muziki mnampima kwa mtihani upi?