Lipu ya saruji ya Hill House: ibanduliwe au ibaki?

Mtoa mada: Ndugu wanajamvi, naomba tuijadili Hill House ya Helensburgh, magharibi mwa Uskoti, nyumba ambayo Charles Rennie Mackintosh alimbunia mchapishaji Walter Blackie na kujengwa kati ya 1902 na 1904. Kuta zake zimenyonya mvua kwa zaidi ya karne, hata mwaka 2019 shirika linaloitunza, National Trust for Scotland, likalazimika kuifunika kwa banda kubwa lenye paa na kuta za wavu wa pete za chuma, ili upepo upite na nyumba ikauke taratibu.

Chanzo kinajulikana. Mafundi wa Uskoti walizoea kurusha ukutani chokaa iliyochanganywa na kokoto, nayo hupokea unyevu na kuutoa. Mackintosh alichagua saruji ya Portland kwa kuwa alitaka nyumba ionekane kama imechongwa katika bonge moja. Hata vichwa vya kuta hakuvifunika kwa mawe yenye mdomo wa kumwagia maji, bali lipu ilipanda, ikapita juu na kushuka upande wa pili. Saruji ikapata nyufa nyembamba kama unywele, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea. Aliyewahi kuona nyumba ya matumbawe ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyokarabatiwa kwa saruji anaujua ugonjwa huu: lipu husimama imara huku ukuta ulio nyuma yake ukimung'unyika. Naona saruji ibanduliwe, irudi chokaa.

Mchangiaji: Ndugu mtoa mada, suala la unyevu silipingi, ila dawa yako inaponya ukuta na kumfukuza mbunifu. Chokaa iliyo juu ya ukuta usiofunikwa haitastahimili mvua na jalidi ya kule, hivyo utaongeza mawe ya kufunikia, na zile kingo safi zinazoipa nyumba sura yake zitapotea. Itabaki nyumba nzuri ya Kiskoti ambayo Mackintosh hakuichora. Afadhali itafutwe lipu inayopitisha unyevu, ipigwe kwa umbo lile lile, hata ikibidi kuirudia mara kwa mara.

Mtoa mada: Kuirudia mara kwa mara ni gharama, ndugu yangu, na banda lenyewe lilijengwa liwe la muda tu. Kabla hatujachagua lipu, wenzetu watusaidie: ni nani atakayelipia jukwaa la mafundi kila itakapopasuka?