Ushauri: nataka kwenda kusikia kile kinanda cha Kanisa Kuu la Passau, nijipangeje?

Mtani wa Ruvuma
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kufika, maana siku zinakimbia na mimi nimekwama.

Nipo Landshut, Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nasomea uuguzi. Ukipanda treni kuelekea mpaka wa Austria unafika Passau, mji ambao mito ya Inn na Ilz inaingia kwenye Danube. Juu kwenye mwinuko wa mji wa kale kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, lile la makuba ya kijani, na ndani yake kuna kinanda cha mabomba zaidi ya 17,000. Sijakosea sifuri. Nimekua nikipiga kinanda cha umeme parokiani kwetu, kile cha kuweka juu ya stendi, na hamu yangu ya miaka yote ni kusikia kinanda kinachopumua upepo.

Niende siku gani? Nifike saa ngapi? Nikae wapi ili nisikie vizuri? Je, mgeni anaruhusiwa kupanda hadi kilipo kinanda? Na kama kuna anayejua namna ya kuonana na mpiga kinanda wao, anielekeze. Nahitaji majibu kabla ya wiki ijayo. Natanguliza shukrani.

Nyota wa Pwani
Mkuu, na kiingilio je? Au kanisani kwao wanaingia bure kama kwetu?

Mbeba Maboksi
Mtani, umepata mwenyewe. Naishi Passau hapohapo, nilianza kwa kuosha vyombo hotelini, kwa hiyo nakijua.

Kuanzia Mei hadi Oktoba kuna tamasha la kinanda saa sita mchana, kama nusu saa hivi, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili na sikukuu hamna. Kuingia kusali ni bure, ila tamasha unakatia tiketi, euro chache tu. Kanisa hufungwa kabla ya tamasha ili watazamaji watoke na wenye tiketi waingie, kwa hiyo ukichelewa hutapata nafasi ya kutembea ndani kwanza. Fika saa nne na nusu, tembea ndani kwanza, halafu upange foleni. Kabla ya yote angalia kalenda ya kanisa lenyewe, kwa sababu kinanda cha ukubwa ule huwa na vipindi vya matengenezo.

Kuhusu kukaa, sikiliza vizuri. Wageni hukimbilia mabenchi ya mbele wakidhani kinanda kipo altareni. Kinanda kikubwa kipo nyuma, juu ya mlango mkuu. Ukikaa mbele kabisa unakipa mgongo na sauti inakufikia imeshazunguka. Kaa katikati. Na ukae umejua kwamba vile ni vinanda vitano vilivyounganishwa, vyote vinapigwa kutoka meza moja: kikubwa cha nyuma, viwili vya pembeni, kimoja cha upande wa altare, na cha tano kimefichwa darini, juu ya dari la kanisa. Hicho cha darini sauti yake inashuka kupitia tundu kwenye dari. Utaona watu wazima wanageuza shingo kutafuta inatoka wapi. Wewe tazama juu tu.

Beba pasipoti na kibali chako cha kuishi. Mji uko mpakani, polisi hukagua treni na stesheni.

Mzee wa Kigango
Mwanangu Mtani, umenigusa. Kama wewe ni wa Ruvuma basi Bavaria si ugenini. Watawa Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho, kwetu Ruvuma, mwaka 1898 walitumwa na monasteri ya St. Ottilien, na St. Ottilien iko Bavaria hiyohiyo. Marehemu baba alikuwa katekista, akafundishwa solfa na padre Mjerumani aliyekuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Ukikosea "fa" unasimama nje mpaka wimbo uishe. Baba alikufa anajua nyimbo za Kilatini nzimanzima, maana yake akiijua kwa kukisia. Enzi zile kwaya ilikuwa sauti, siyo spika. Siku hizi vijana wanawasha mdundo wa mashine, kinanda kinajipiga chenyewe, tunaambiwa ndiyo kuabudu! Nenda mwanangu, usikie upepo wa kweli.

Mama Anitha
Samahani kama nitakwaza. Mwanafunzi wa uuguzi ana posho ndogo, na nyumbani kuna wazazi. Safari ya kwenda kusikiliza muziki nusu saa, hiyo hela si ungemtumia mama anunue mbolea? Watoto wetu wakifika Ulaya wanasahau walikotoka.

Mtani wa Ruvuma
Shikamoo mzee wangu, nimefarijika sana. Peramiho ndiko nilikobatizwa.

Mama Anitha, nakuheshimu, ila nauli sidaiwi. Ninayo tiketi ya mwezi inayonibeba kwenye treni zote za mikoa Ujerumani nzima, ziwe za kazini au za matembezi. Na mama natuma kila mwezi.

Mbeba Maboksi, Mungu akubariki. Sasa hiyo Jumapili hamna tamasha, una uhakika? Mimi nimepanga Jumapili. Nimeshabadilishana zamu.

Sauti ya Nne
Ngoja kwanza. Mtu anayetaka kusikiliza haulizi namna ya kuonana na mpiga kinanda. Na kwa nini lazima iwe Jumapili, tena kabla ya wiki ijayo? Tueleze vizuri ndugu, usitupe robo ya habari halafu utake ushauri mzima.

Mtani wa Ruvuma
Kuna jambo la kifamilia kidogo, ila halibadilishi maswali yangu.

Sauti ya Nne
Linabadilisha. Sema.

Mtani wa Ruvuma
Sawa. Kinanda cha kwaya yetu nyumbani kimekufa, vibonyezo vya katikati havitoi sauti kabisa. Kamati imeandaa harambee ya kununua kingine. Nilivyofika huku niliwaambia kuna kinanda Passau na kwamba nitakipiga. Mwalimu wa kwaya akalichukua. Sasa Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, watu watakusanyika ukumbi wa parokia, projekta imekodiwa, wanakwaya wamechanga fedha za kifurushi cha intaneti, wanione mubashara nikipiga wimbo wetu wa matoleo kwenye kinanda cha Passau. Paroko ameshatangaza mara mbili.

Kabla hamjaanza: mimi si mbabaishaji. Hapa Landshut kuna kanisa dogo lenye kinanda cha mabomba, mtunza kanisa hunifungulia Jumamosi nikafanya mazoezi, makanyagio ya miguu nimeshayazoea. Nilichopanga ni kusali Misa Passau, kisha nimfuate mpiga kinanda nimwombe dakika tano. Wimbo wenyewe una beti tatu. Sioni ubaya wa kuomba.

Mkamba Mtulivu
Ndugu yangu kutoka Tanzania, salamu kutoka Machakos. Hapa kwetu harambee tunaijua, na harambee iliyotangazwa na padri haina breki. Pole sana. Nakuombea huyo mpiga kinanda awe ameamka vizuri.

Mama Anitha
Kumbe! Yaani watu wamechanga hela zao kwa ahadi ambayo mwenye kinanda haijui? Mwanangu, hapo hapana. Fedha za kanisa zina macho.

Fundi Vinanda
Niongee kama fundi, nimerekebisha vinanda vya makanisa miaka mingi, vya umeme na vichache vya mabomba.

Kinanda cha Passau kina safu tano za vibonyezo vya mikono na safu ya makanyagio. Rejista zake zinazidi 200. Rejista ni kundi la mabomba yenye sauti ya aina moja: hili linaimba kama zumari, lile kama tarumbeta, lingine ni ngurumo unayoisikia kifuani kabla ya masikioni. Usipofungua rejista, ubonyeze mpaka kesho, hakuna kitu. Ukifungua ovyo, unawafukuza waumini. Bomba kubwa kuliko yote linazidi mita 11, dogo kabisa linapotea kiganjani. Hata mpiga hodari anayealikwa pale hupewa muda wa mazoezi kanisa likiwa limefungwa, apange rejista zake na azoee ukumbi. Dakika tano baada ya Misa zinaishia kwenye kurekebisha benchi la kukalia.

Kijana anaweza kuwa anajua kupiga. Hilo silo swali. Swali ni kama amepewa ruhusa.

Kipara wa Kariakoo
Wakubwa, mnapoteza muda. HII NI CHAI. Yuko Landshut, treni ni ya bure, tamasha ni la kila siku, halafu hajawahi kukanyaga Passau hata mara moja? Mwanafunzi wa uuguzi anayepata Jumapili ya mapumziko kwa kuomba tu? Mtunza kanisa wa Kizungu anamkabidhi mgeni kinanda Jumamosi? Na hiyo kwaya haina jina, parokia haina jina. Amesoma habari za Passau mtandaoni, akaweka na Peramiho ili wazee walie. Mwishoni ataleta namba ya kuchangia harambee, mtaniambia.

Nyota wa Pwani
Dah, hiyo ya namba ya kuchangia imeniamsha. Mleta mada weka picha ya tiketi.

Mzee wa Kigango
Kipara, adabu. Kijana amesema amebatizwa Peramiho. Mtani, niambie tu paroko wako anatoka jimbo gani.

Mtani wa Ruvuma
Sitaweka jina la parokia wala la paroko, kwa sababu mwalimu wa kwaya anasoma humu na watu wameshachanga. Namba ya kuchangia hamtaiona kwangu, sitaki hata senti ya mtu humu ndani. Sijafika Passau kwa sababu darasa, zamu na Kijerumani vimenimaliza, na siku nikipata nafasi nakuwa kwenye mazoezi. Hayo ndiyo maisha yangu, atakayeamini aamini.

Fundi Vinanda
Acheni mabishano, kuna njia ya kumjua. Mtani, nijibu bila kutafuta mtandaoni. Umekaa kwenye kinanda cha mabomba kwa mara ya kwanza, umetoka kwenye cha umeme. Nini kilikusumbua kwanza?

Mtani wa Ruvuma
Mambo mawili. La kwanza, viatu. Nilivaa raba za soli nene, nikawa nakanyaga makanyagio mawili kwa pamoja bila kujua. Mtunza kanisa akaniambia nivue. Sasa nina viatu vyembamba vya ngozi, navivaa palepale tu.

La pili, sauti kuchelewa. Cha umeme ukigusa inalia. Pale kidole kinashuka, sauti inakuja nyuma yake, na ikifika imekutana na mwangwi wa kanisa. Nikawa nasubiri nisikie ndipo niendelee, wimbo ukazidi kuvuta mpaka ukalala. Ikabidi nijifunze kuuamini mkono na kuliacha sikio. Halafu mkazo hausaidii: bonyeza kwa nguvu au polepole, sauti ni ileile, kwa hiyo ukitaka neno lisikike unaliachia nafasi kabla yake.

Fundi Vinanda
Kipara, huyu amekalia benchi. Hilo la mwisho wapiga wengi wa vya umeme hawalijui mpaka wafundishwe. Mimi nimeridhika.

Kipara wa Kariakoo
Kukalia benchi sawa, nakubali. Ahadi bado ni ya hewani.

Mbeba Maboksi
Hapo kwenye ahadi tusaidiane sasa. Mtani, Jumapili baada ya Misa usimfuate mtu. Kuna Misa inayofuata na wageni wa meli za mto wanajaa mlangoni. Andika barua pepe leo kwa ofisi ya muziki ya kanisa kuu, ueleze wewe ni nani, kwaya ni ipi, uombe kuonyeshwa kinanda siku yoyote watakayo wao. Kijerumani chako kikikwama nitumie pembeni nikusahihishie. Wakikubali baada ya mwezi, umepata. Wakikataa, umekataliwa kwa heshima. Na kurekodi tamasha kwa simu usitegemee.

Hiyo harambee ya Jumapili, piga kile kinanda cha Landshut. Kinanda unacho, ruhusa unayo, viatu unavyo. Kwaya itaona mtoto wao anapiga mabomba ya kweli Bavaria.

Mtani wa Ruvuma
Nimekuelewa kaka, lakini watu wameambiwa Passau. Kwenye tangazo wameweka hadi picha ya kinanda chenyewe. Nikipiga kile kidogo chenye rejista chache, wataona nimewashusha. Na mtunza kanisa ananifungulia Jumamosi, Jumapili sijui.

Sauti ya Nne
Wanakwaya hawachangii ukubwa wa mabomba. Wanachangia kwa sababu ni wewe. Mimi naimba besi parokiani mwaka wa kumi na kitu sasa, najua kwaya ilivyo. Mpigie mwalimu wako leo, mwambie wimbo utakuwepo, kanisa limebadilika. Akitangaza yeye kabla ya watu kukaa, hakuna atakayenuna. Wakiligundua projekta ikiwa imewashwa, ndipo utasikia maneno.

Mama Anitha
Hapo nakubaliana na Sauti ya Nne. Na usisahau kumshukuru huyo mtunza kanisa, ni mtu wa Mungu.

Mzee wa Kigango
Mwambie mtunza kanisa ni harambee ya kanisa. Mkatoliki wa Bavaria ukimtajia wamisionari atafungua hata usiku.

Mtani wa Ruvuma
Nimeongea na mtunza kanisa. Jumapili atanifungulia mchana, kanisa likiwa tupu, kwa muda wa saa moja. Barua pepe ya Passau nimeituma, asante Mbeba Maboksi kwa masahihisho. Mwalimu wa kwaya nitampigia usiku nikitoka zamu, hilo ndilo linanipa tumbo joto, ila nitampigia.

Jumamosi nakuja Passau kwenye tamasha la mchana, kusikiliza tu.

Mbeba Maboksi
Karibu. Ukiingia kabla ya tamasha, tenga muda wa kutazama kanisa lenyewe. Lile la zamani liliungua kwenye moto wa mji mwaka 1662, hili likaanza kujengwa 1668 chini ya Mwitaliano Carlo Lurago, na mapambo yote yale meupe ya lipu, malaika na majani, ni kazi ya Giovanni Battista Carlone na watu wake. Ukizunguka nje upande wa mashariki utaona ukuta wa kanisa la zamani la Kigothi, ulinusurika. Ndani ni zama moja, nje upande ule ni nyingine.

Nitakusubiri uwanja wa mbele ya kanisa saa nne na nusu. Treni ikichelewa nitumie ujumbe, nitakata tiketi mbili na kukushikia nafasi katikati.