MREJESHO: Dai la fidia la mteja aliyeteleza supamaketi

Wakuu, swali lilikuwa hili: mteja kateleza kwenye maji ya friji linalovuja supamaketi, Dar, kifundo cha mkono kikavunjika. Adai vipi?

Notisi ya madai (barua ya kulidai duka) ilitangulia, kisha hati ya madai (inayofungua kesi mahakamani). Mdaiwa, yaani duka, aandikwe kwa jina lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), siyo la kwenye bango. Ukomo wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu kuumia, na mazungumzo na watu wa bima hayasimamishi saa.

Wengi wanakwama kwenye fidia mahsusi, yaani gharama halisi ulizotumia. Kila shilingi itajwe kwenye hati na ithibitishwe: eksirei, POP (plasta ngumu ya mfupa), nauli za bajaji kwenda kliniki. Ukiandika tu "matibabu 800,000/=" bila mchanganuo wala risiti, inakatwa. Maumivu ni fidia ya jumla, hapo hakimu anapima mwenyewe.

Video ya kamera iombwe kwa maandishi wiki ileile, maana mashine hurekodi juu ya picha za zamani. (Hii ndiyo inayobeba kesi.)

Duka lilijibu ndani ya siku 21: eti mteja alikuwa anatazama simu. Wakithibitisha, fidia inapunguzwa tu, haifutwi. Sasa faili liko kwa msuluhishi.