Familia Minnesota na Nyumbani: gumzo la Jumapili jioni

Anko Zablon: Wapendwa habari za jioni, najua wengine mko njiani kuingia shifti ya usiku lakini naomba dakika tano tu. Novemba 3 tunapiga kura na humu kila mtu anaongea Washington, Trump hivi Trump vile, na hakuna hata mmoja ameniuliza nani anasimama Hausi na Seneti za jimbo letu hapa Saint Paul. Viti vyote 201 viko wazi mwaka huu, 134 vya Hausi na 67 vya Seneti, juu yake gavana. Na hao ndio wanaamua gruphomu, hizi nyumba tunazotunzia walemavu na wazee, inalipwa ngapi, kodi inakatwa ngapi na watoto wenu wanafundishwa nini

Brian: Anko heshima zako, lakini naona tayari unatupeleka kwa Ripablikani

Anko Zablon: Sijaficha hata siku moja Brian. Mimi ni mtu wa kanisa, mtu wa kazi, na pesa nahesabu kabla sijatumia. Nyinyi pia mlilelewa hivyo hivyo, muulizeni nyanya yenu

Binamu Oba (Kisii): Kwani hao wa Saint Paul ni kama MCA wetu wa kaunti huku?

Anko Zablon: Wana nguvu kushinda MCA mara nyingi sana Oba. MCA hawezi kukukata kodi ya mapato kwa mshahara, hawa wanakata. Sheria za jinai ni wao, shule ni wao, laiseni ya unesi ni wao, pesa za walemavu na wazee ambazo nusu ya hii familia tunakula kupitia hizo ni wao. Ndio maana nashangaa mtu anajua jina la kila seneta wa Washington na hajui nani anamwakilisha mtaani kwake

Kemunto: Haya mimi nina swali Anko. Huldah Momanyi Hiltsley ni msichana wetu, amezaliwa Kenya, 2024 akashinda kiti cha Hausi 38A upande huu wa Brooklyn Park, tukaimba na tukalia siku hiyo, na aliingia na DFL, Wademokrati wa hapa Minnesota. Sasa wewe unatuambia tukipigie kura chama kingine??

Anko Zablon: Kemunto mimi pia nilifurahi na nilimpigia simu kila rafiki niliyenaye kuwaambia. Mtoto wetu kuingia lile jengo ni heshima kwa kila Mkenya hapa. Lakini akiingia pale anapiga kura na chama chake, na mimi naangalia hizo kura. Huyu ni wetu ndio wimbo ulioharibu siasa za nyumbani, tusiubebe mpaka huku. Nikikubaliana na sheria anazotaka nitampa, nisipokubaliana nitamsalimia kwa furaha tukikutana kwa harusi na kura nitapeleka kwingine, hakuna ubaya wowote

Mama Kevo: Mimi nimetoka kazini saa hii miguu inauma lakini hii siwezi kuacha ipite. Zablon hebu sema ni sheria gani hizo mbaya. Mimi mwaka huu nimepata likizo ya kulipwa ya uzazi kwa sababu ya hao DFL unaosema, mara ya kwanza kwa watoto watatu nimekaa na mtoto bila kuomba mtu rent. Kevo nilimwacha na wiki tano nikarudi kwa shifti nikiwa bado natembea pole pole, unakumbuka vizuri kwa sababu wewe ndio ulikuwa unanipeleka

Anko Zablon: Nakumbuka dada na sikupingi hapo, mama kukaa na mtoto ni jambo la familia na mimi ni mtu wa familia. Shida yangu ni vile ilijengwa. Imeanza Januari 1 2026, asilimia 0.88 ya mshahara wa kila mfanyakazi, mwajiri anatoa angalau nusu, na mtu anaweza kukaa nje mpaka wiki 20 kwa mwaka akiunganisha ugonjwa na familia. Kwa kampuni kubwa hiyo si kitu. Kwa mwenye nyumba moja ya wateja wanne, yule mtu akienda lazima utafute mwingine wa kulala na wateja usiku, na ile bei jimbo linakulipa kwa kila mteja haiongezeki hata senti kwa sababu una mtu nje. Waliopitisha hawakukaa na mtu kama huyo wamuulize utafanyaje

Mama Kevo: Lakini wenye kampuni ndogo wamepunguziwa

Anko Zablon: Wamepunguziwa ndio, wale wa watu 30 kushuka. Bado mtu wa usiku hajapatikana

Brian: Anko ongea ukweli, wewe haswa ni zile sheria za 2023 zilikuuma

Anko Zablon: Ziliniuma na bado zinaniuma. 2022 DFL walichukua Seneti 34 kwa 33, kiti kimoja tu, wakawa na Hausi na gavana pia. Kiti kimoja! Jimbo lilikuwa na ziada ya dola bilioni 17 na nusu hivi, pesa yetu waliyotukata zaidi ya walivyohitaji. Mimi nikajua watarudisha ya maana na wapunguze kodi. Wakapandisha bajeti mpaka karibu bilioni 72 za miaka miwili, na sisi wakatutumia ile hundi ya dola 260 kwa kila mtu, mnaikumbuka? Ilikuja kwa bahasha nikaweka benki, halafu mwaka uliofuata ikaja fomu ya 1099 kwa sababu IRS, watu wa kodi wa Washington, walisema hiyo ni mapato, ikatozwa kodi ya serikali kuu. Pesa yangu mwenyewe inarudi kwangu halafu inakatwa tena

Anko Zablon: Na Januari ya 2023 kati ya vitu vya kwanza kabisa ni sheria ya kutoa mimba, kabla ya barabara kabla ya chochote. Bangi ikawa halali Agosti. Mimi hayo siwezi kuyaweka kando nikifika kwa kibanda cha kura, naamini uhai unatoka kwa Mungu na siombi msamaha kwa hilo

Kemunto: Na chakula cha bure shuleni pia ni 2023 Anko, watoto wa dada yako wanakula kila siku

Anko Zablon: Watoto kula sina neno. Ningepeleka kwanza kwa wasio nacho, si kwa kila mtoto hata wa daktari

Kemunto: Sawa lakini mimi siwezi kusahau Januari hii. Maajenti wa uhamiaji, ICE, walijaa Minneapolis, raia wawili wakapigwa risasi wakafa, mama anaenda duka la Aldi na pasipoti ya Marekani ndani ya kifuko cha plastiki, mtu ameapa uraia zamani! Hiki chama unachosema ndio kilileta hayo. Unataka nifanye nini na hiyo hasira

Anko Zablon: Usiitupe, hata mimi ninayo. Niliona mama yako na hicho kifuko na nilikasirika. Nililia kwa ajili ya wale waliokufa na nilimwambia mgombea wa Ripablikani wa hapa usoni kwamba watu wetu wanaogopa na akinyamaza hapati kura yangu. Lakini wale maajenti walitumwa na Washington, si na mtu wa Hausi wa Saint Paul. Nikiacha wapitishe kila kitu hapa kwa sababu nimekasirikia kule, nani ataangalia pesa ya hapa?

Brian: Kuangalia pesa sasa ndio umefika kwa Feeding Our Future

Anko Zablon: Lazima nifike. Zaidi ya dola milioni 250 za kulisha watoto wakati wa korona ziliibwa kupitia shirika hilo, watoto ambao wengi hawakuwepo. Na msianze kuwalaumu Wasomali humu, mkuu wa lile shirika ni Aimee Bock, mzungu wa hapa hapa, akapatikana na hatia Machi 2025. Halafu ile programu ya kutafutia watu nyumba, walianza wakikadiria milioni 2.6 kwa mwaka, 2024 ikala zaidi ya milioni 100, mpaka ikabidi waifunge. Hebu fikirieni, inapanda hivyo mwaka baada ya mwaka na hakuna mtu kule ofisini anasimama kuuliza. Na anayeumia ni nani? Mkenya mwaminifu ambaye kila karatasi yake iko kwa faili. Sasa wakaguzi wanamtazama kama mwizi na laiseni mpya za 245D, zile za kuhudumia walemavu na wazee, zimesimamishwa

Brian: Lakini 2020 mpaka 2022 Seneti ilikuwa ya Ripablikani Anko, lazima useme na hiyo

Anko Zablon: Nasema, na walipaswa kupiga kelele mapema zaidi. Ila idara iliyokuwa inalipa iko chini ya gavana, na gavana Walz mwenyewe Januari alitangaza hagombei tena

Mama Kevo: Sasa unataka chama chako kipewe yote? Si itakuwa yale yale tu

Anko Zablon: Dada hapo ndipo nataka mnisikilize. 2024 Hausi ilitoka sare, 67 kwa 67. DFL wakasusia bunge wiki kadhaa Januari 2025, mahakama ya juu ya jimbo ikasema bila wabunge 68 hakuna kikao, mwishowe wakakaa chini wakagawana, Lisa Demuth akawa spika, mama mweusi wa kwanza kwa hicho kiti na ni Ripablikani. Bajeti ikabidi ikubaliwe na pande zote. Melissa Hortman, kiongozi wa DFL na jirani yetu hapa Brooklyn Park, alikuwa ametoa neno lake kwamba bima ya afya ya MinnesotaCare kwa watu wazima wasio na karatasi za uhamiaji itaisha mwisho wa 2025, hakuitaka hata kidogo, na siku ya kura akawa Mdemokrati pekee wa Hausi aliyepiga kura ya ndio, kwa sababu alikuwa ameahidi. Ikapita 68 kwa 65. Siku chache baadaye, Juni 14, akauawa nyumbani kwake, yeye pamoja na mume wake

Kemunto: Haki yule mama 💔

Mama Kevo: Nilikuwa nikimwona pale na mbwa wake. Usiku huo hatukulala, polisi wanazunguka mtaa mzima wanasema tusifungue mlango

Anko Zablon: Sikuwahi kukubaliana naye kwa mengi na namheshimu mpaka leo. Mtu wa namna hiyo unamwona tu wakati hakuna upande unaoweza kufanya peke yake. Kwa hivyo Mama Kevo nakujibu, mimi nataka Ripablikani wachukue Hausi na hata nikipewa hiyo tu, gavana awe wa nani, nitalala

Binamu Oba (Kisii): Na kura zetu hapo zinaweza kubadilisha kitu kweli? Sisi ni wachache

Anko Zablon: Oba, kiti cha Shakopee 2024 kiliamuliwa kwa kura 14. Na kura 20 zilipotea pale zikaaminika zilitupwa na takataka, ikaenda mpaka kwa jaji, akaacha matokeo yalivyo. Kumi na nne! Hii familia tukiwa kwa sherehe tunazidi hapo kabla hata ya wajomba kufika

Brian: Hiyo ya kura kutupwa ndio inaniogopesha, mimi nitapiga kibandani na mkono wangu

Anko Zablon: Fanya hivyo. Kura za mapema zinaanza Septemba 18, na usajili unaweza kufanya siku hiyo hiyo ya kura ukiwa na kitambulisho chenye anwani yako ya sasa. Mwenye grinkadi asiguse kabisa hata akiambiwa na nani, hapo utaharibu nafasi yako ya kupata uraia

Mama Kevo: Mimi sijakubaliana na wewe Zablon, nitampa anayelinda likizo yangu. Lakini nitasoma majina yote kwanza, hiyo nakupa

Kemunto: Na mimi nataka wagombea wote wa 38A waje wajibu maswali mbele yetu, wa pande zote, na la ICE niulize mimi mwenyewe

Anko Zablon: Naongea na mchungaji kesho kuhusu ukumbi. Mama Kevo wewe andika la gruphomu na likizo, wakijibu vibaya mimi ndio nitakuwa wa kwanza kusimama

Nyanya: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:08)

Brian: Nyanya anasema yeye ameshaamua zamani na hatuambii, anataka tu kujua nani atampeleka

Mama Kevo: Mimi niko ofu Jumanne hiyo, nitampitia saa nne