Taa za konsoli ya mapokezi zinaganda: tatizo liko wapi?

AfisaTehama_Mtumba
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ofisi yetu hapa Dodoma ina simu za ndani zipatazo 120. Seva yake ya Asterisk (programu ya kuendesha simu za ofisi) imebaki katika jengo la zamani katikati ya jiji, ilhali mapokezi yamehamia Mtumba. Dada wa mapokezi hutumia konsoli ya kwenye kompyuta inayomwonyesha nani yuko kwenye simu na nani yuko huru. Kila asubuhi taa huwa sahihi, lakini haipiti saa nzima zinaganda, naye humhamishia mpigaji afisa anayeonekana huru kumbe anazungumza. Sauti haina kasoro. Muuzaji anashauri tununue kompyuta yenye nguvu zaidi. Je, ushauri huo una msingi?

FundiSimu_Singida
Ndugu Afisa, msinunue chochote kwanza. Katika SIP, yaani utaratibu wa kuunganisha na kusimamia simu za mtandaoni, taarifa za hali ya simu hazisafiri pamoja na sauti, ndiyo maana moja inaweza kukatika na nyingine ikaendelea. Konsoli hutuma kwa seva ombi la SUBSCRIBE kwa kila namba inayoifuatilia, kisha seva huirudishia ujumbe wa NOTIFY kila hali inapobadilika. Ombi hilo lina ukomo: waraka wa kiufundi wa RFC 4235 umeweka sekunde 3,600 pale ambapo muda mwingine haukutajwa. Lisipohuishwa, seva hunyamaza na taa hubaki zilivyokuwa.

Ila mimi naishuku zaidi faiawoli, yaani kizuizi cha usalama wa mtandao, iliyo kati ya majengo yenu. Simu zinapopungua, tuseme wakati wa chai, huona njia ya UDP (utumaji wa data usiodumisha muunganisho) imekaa kimya na kuifunga, na NOTIFY inayofuata hugonga ukuta. Naseni pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, pande zote mbili. Ikiwa ujumbe unaondoka kwenye seva lakini haufiki Mtumba, mchawi ni faiawoli. Ikiwa hauondoki kabisa, kagueni muda wa SUBSCRIBE.

Mtandao_AreaC
Naunga mkono, lakini thibitisheni kwanza kiolesura kinachotumika. Baadhi ya konsoli huongea na Asterisk kupitia AMI (kiolesura chake cha usimamizi), kwa kawaida kwenye mlango wa TCP 5038 (TCP ni utumaji wa data unaodumisha muunganisho), ambako muunganisho mmoja huleta matukio ya namba zote. Ukikatika, taa zote huganda kwa mpigo. Mlango huo uruhusiwe kwa anwani ya konsoli pekee, kwa sababu mwenye nywila yake, akipewa ruhusa pana, anaweza kupiga simu kwa gharama ya ofisi.

Opereta_Mstaafu
Wanangu, nimekaa kwenye swichibodi miaka mingi. Wakati mnatafuta tiba, mwambieni binti yetu asimtupe mpigaji moja kwa moja. Amshikilie, azungumze kwanza na afisa, ndipo amwunganishe. Tena wekeni simu isiyopokelewa kwa sekunde 30 irudi mapokezi, na konsoli ionyeshe ilikuwa imepelekwa kwa nani. Mtu anayepiga kutoka Kongwa kwa salio lake hastahili kuulizwa upya shida yake.

AfisaTehama_Mtumba
Shikamoo mama, utaratibu huo tumeuanza leo. Konsoli yetu inatumia SIP, na pakiti zimeonyesha kwamba NOTIFY inaondoka kwenye seva na kupotelea njiani. Tumehamisha mawasiliano ya konsoli kutoka UDP kwenda TCP na kuwasha ujumbe mfupi wa kuiweka njia wazi. Tangu saa tatu asubuhi hadi sasa, saa nane mchana, taa zinakwenda na simu.